Kutoka TFC hadi meza ya meya: namna ya kufundisha wanafunzi kuandika muhtasari wa sera

Kila mwaka, katika vyuo vikuu na vyuo vya juu vya Bukavu, Goma, Butembo, Bunia na Uvira, wanafunzi wanatetea kazi zao za mwisho wa masomo mbele ya majaji. TFC ama memwari inachapwa, inawekewa jalada, nakala moja inabaki kwa msimamizi wa kazi na nyingine inapelekwa maktaba. Familia inapiga picha, vinywaji vinafunguliwa, kisha mambo yanaishia hapo.

Ndani ya kurasa hizo mara nyingi kuna majibu ya maswali ambayo viongozi wanajiuliza kila siku: kwa nini watoto wa kata fulani wanaugua kuliko wengine, kwa nini udongo wa mteremko fulani unaporomoka kila majira ya mvua, kwa nini soko jipya halina wachuuzi. Lakini meya, burugumesta, mganga mkuu wa zone ya afya ama mbunge wa jimbo hawezi kusoma kurasa 80 za Kifaransa cha darasani ili apate sentensi moja inayomhusu. Ndiyo maana walimu wa vyuo katika nchi nyingi wanafundisha namna nyingine ya kuandika: muhtasari wa sera, karatasi ya kurasa mbili hadi nne ambayo kwa Kifaransa inaitwa note de politique.

Wanafunzi wengi, wakisikia jina hilo mara ya kwanza, wanafikiri ni TFC iliyokatwa ikawa fupi. Sivyo. TFC inajibu swali la mwalimu: umejua nini, na umekijua namna gani? Muhtasari wa sera unajibu swali la mtu mwenye madaraka: nifanye nini, lini, na kwa pesa gani? Mwanafunzi asiyefundishwa tofauti hiyo atafupisha kila sura ya kazi yake, atapata karatasi nyembamba, na karatasi hiyo bado haitakuwa na mtu wa kuitumia.

Madaftari mawili ya Uvira

Mfano mzuri wa kufundishia uko karibu, katika Kivu Kusini. Mji wa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, unasumbuliwa na kipindupindu tangu miaka mingi. Mwaka 2015, jarida la kisayansi PLOS Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa mjini humo na watafiti wa chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine pamoja na wenzao Wacongomani.

Watafiti hao walitumia kumbukumbu za aina mbili ambazo tayari zilikuwa zikiandikwa Uvira. Ya kwanza ni hesabu ya wagonjwa waliopokelewa katika kituo cha matibabu ya kipindupindu kati ya mwaka 2009 na 2014. Ya pili ni kiasi cha maji ambacho mtambo wa mji ulitoa kila siku. Kila moja ilikuwa kazi ya kawaida ya watu wa zamu: muuguzi anaandika wagonjwa, fundi anaandika maji.

Hesabu hizo mbili zilipowekwa pamoja, siku kwa siku, jambo moja lilionekana wazi. Siku moja bila maji ya bomba iliambatana na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu katika siku 12 zilizofuata. Kwa jumla, watafiti walikadiria kwamba karibu wagonjwa 23 kati ya 100 waliopokelewa walitokana na upungufu wa maji ya bomba.

Sababu yake kila mama wa Uvira anaijua. Robine ikikauka, mtu anachukua bidon na kwenda kuteka mtoni ama ziwani. Hata mwenye robine nyumbani anarudi kunywa maji yale yale ya asiye nayo. Lakini kujua jambo kwa mazoea ni tofauti na kuweza kulionyesha kwa hesabu mbele ya kiongozi anayepanga bajeti.

Sasa mwalimu awape wanafunzi utafiti huo na kuwaambia: andikeni kurasa mbili. Hapo ndipo somo linaanza.

Kwanza, elewa namba yako

Kosa la kwanza linatokea kwenye asilimia 155. Mwanafunzi mmoja ataandika kwamba watu 155 waliugua. Mwingine ataandika kwamba wagonjwa waliongezeka mara moja na nusu. Wote wawili wamekosea. Ongezeko la asilimia 155 lina maana kwamba pale ambapo wagonjwa 100 wangetarajiwa, sasa wanatazamiwa 255, yaani zaidi ya mara mbili na nusu. Msomaji mwenye haraka anahitaji kuambiwa hivyo, kwa maneno ambayo anaweza kuyarudia katika mkutano bila kufungua karatasi.

Kosa la pili ni kusahau neno "walioshukiwa". Si kila mgonjwa aliyehesabiwa alipimwa katika maabara. Mwandishi mwaminifu analiacha neno hilo mahali pake. Kiongozi akigundua baadaye kwamba alisomewa jambo lililotiwa chumvi, hataamini karatasi ya pili wala ya tatu, na wanafunzi wa mwaka unaofuata ndio watakaofungiwa mlango.

Kosa la tatu ni kugeuza utafiti kuwa shitaka. Utafiti wa Uvira hausemi kwamba mfanyakazi fulani wa maji ameua watu. Unasema kwamba siku ya ukosefu wa maji inafuatwa na wagonjwa. Mwanafunzi akiandika kwa hasira, mtu ambaye angeweza kusaidia anaanza kujitetea, na mazungumzo yanakwisha kabla ya kuanza.

Pili, tafuta mwenye uamuzi

Baada ya namba, mwalimu anauliza: nani anaweza kubadilisha jambo hili? Jibu la wanafunzi wengi ni neno moja: serikali. Jibu hilo halina anwani.

Nchini Congo, madaraka yamegawanywa. Sheria ya kiasili namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 imetambua miji, mitaa, sekta na sheferi kuwa sehemu zenye uongozi na mali yake. Afya ina zone zake. Maji ya mjini yanatolewa na Regideso, na umeme unatoka SNEL. Ikiwa mtambo unasimama kwa sababu umeme umekatika, barua kwa Regideso peke yake haitafika mbali. Ikiwa unasimama kwa sababu mvua imeleta matope mengi mtoni, tatizo ni lingine. Ikiwa dawa ya kusafisha maji imekwisha, ni lingine tena. Kabla ya kuandika neno lolote, mwanafunzi anapaswa kwenda kuuliza: maji yanasimama kwa nini, na nani anajulishwa yanaposimama?

Kuna desturi moja ya ofisi zetu inayofaa kuzungumziwa darasani. Barua inaandikwa kwa mtu mmoja, halafu nakala zinapelekwa kwa gavana, kwa waziri wa jimbo, kwa spika, kwa meya, kwa mashirika ya kiraia na kwa wengine watano. Kila anayepokea anafikiri mwingine ndiye atakayejibu. Muhtasari wa sera unafuata njia tofauti: mtu mmoja, ombi moja. Kama kuna watu watatu wenye uwezo juu ya jambo hilo, andika karatasi tatu, kila moja na ombi lake.

Tatu, ombi linaloweza kutimizwa

Sehemu ya mapendekezo ndiyo inayoonyesha kama mwanafunzi ameelewa somo. Katika TFC nyingi, sehemu hiyo inaandikwa usiku wa mwisho, na inafanana kila mwaka: serikali iboreshe upatikanaji wa maji safi kwa wakaaji wote, mashirika yasaidie raia, raia wafuate kanuni za usafi. Hakuna anayeweza kupinga maneno hayo. Hakuna pia anayeweza kuyafanya siku ya Jumatatu asubuhi.

Tulinganishe na pendekezo ambalo darasa linaweza kulitoa kutoka matokeo yale yale ya Uvira: "Siku mtambo wa maji unaposimama, mkuu wa kituo cha maji amjulishe mganga mkuu wa zone ya afya siku hiyo hiyo. Zone ya afya iweke watu wa kutia klorini kwenye bidon pale wakaaji wanapoteka maji ya ziwa na ya mito hadi maji ya bomba yarudi, na itayarishe vitanda na serum kwa siku 12 zinazofuata."

Pendekezo hili ni la zoezi, lakini linaonyesha kazi inayotakiwa. Linataja nani amjulishe nani. Linataja muda, na muda huo umetoka kwenye utafiti wenyewe. Hatua yake ya kwanza inahitaji simu moja tu. Hatua ya pili inahitaji klorini na posho ya watu wachache, vitu ambavyo mtu anaweza kuvipigia hesabu kwa franka. Mwanafunzi aliyeandika hivyo amefanya zaidi ya kufupisha utafiti: amesoma siku 12 kama nafasi ya kujitayarisha, wakati mwingine angezisoma kama hesabu tu.

Hapo pia mwanafunzi anajifunza kutenganisha jambo kubwa na dogo. Kutengeneza mitambo na bomba za mji mzima ni jambo la miaka na la mamilioni. Uvira kwenyewe, kazi za kuboresha maji zilifanyika katika miaka iliyofuata kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Ufaransa, Umoja wa Ulaya na Wakfu wa Veolia, na watafiti walirudi kupima athari zake. Muhtasari mzuri unaweza kuunga mkono jambo kubwa kama hilo, lakini hauachi wakaaji wakingoja miaka bila lolote la kufanya katikati.

Nne, jua kalenda

Karatasi nzuri ikifika wakati mbaya inakuwa sawa na karatasi ambayo haikuandikwa. Katiba ya Congo inasema kikao cha pili cha kawaida cha Bunge la taifa na Seneti kinafunguliwa tarehe 15 Septemba, na kikao hicho ndicho watu wanakiita cha bajeti. Mabunge ya majimbo nayo yana kikao cha bajeti katika sehemu ya mwisho ya mwaka. Ombi la pesa linalofika mwezi wa pili linakuta pesa zimekwisha kugawanywa kwa maandishi. Linalofika mwezi wa saba ama wa nane linakuta bado kuna nafasi ya kuongeza mstari.

Kwa maombi yasiyo ya pesa, kalenda ni nyingine. Karatasi kuhusu kipindupindu isomwe kabla ya mvua kuanza. Karatasi kuhusu maporomoko ya udongo katika miteremko ya Bukavu ama ya Kalehe ifike wakati wa kiangazi, mitaro inapoweza kuchimbwa. Wakaaji wa Bushushu na Nyamukubi, ambako mafuriko ya mwezi wa tano 2023 yaliua mamia ya watu, hawahitaji kuelezwa kwa nini kuonya mapema ni tofauti na kutoa pole baadaye.

Mwalimu anayepanga somo hili anafaa kuhesabu kurudi nyuma: tarehe ya uamuzi kwanza, kisha tarehe ya kupeleka karatasi, kisha tarehe ya kumaliza kuandika.

Ukurasa mmoja, mitatu, ishirini na mitano

Kuhusu umbo, walimu wana kanuni nyepesi za kufuata. Moja inayojulikana ilienezwa na shirika la Canada la utafiti wa huduma za afya: 1, 3, 25. Ukurasa mmoja wa ujumbe mkuu, kurasa tatu za muhtasari, na kurasa 25 za ripoti kwa anayetaka kuingia ndani. Mwenye ofisi anasoma ule mmoja. Mshauri wake anasoma ile mitatu. Mtaalamu atakayeulizwa kama mambo hayo ni kweli anasoma zile 25.

Kwa wanafunzi wetu, kanuni hiyo inageuza mpangilio waliozoea. Katika TFC, historia ya tatizo inaanza, mbinu zinafuata, matokeo yanakuja kurasa nyingi baadaye na mapendekezo yanafunga. Katika muhtasari, ombi na tokeo kuu vinakaa juu kabisa, hata katika kichwa cha karatasi. Mbinu zinapata mistari minne ama mitano: nani waliulizwa, wangapi, wapi, lini. Orodha ya wanafalsafa waliotajwa katika sura ya kwanza inabaki maktaba.

Mabadiliko ya LMD, yaliyoenezwa katika vyuo vya Congo tangu mwaka wa masomo 2021-2022, yanatoa nafasi ya kupanga upya kazi za wanafunzi. Kuongeza kurasa mbili hizo kwenye kila memwari hakuhitaji jengo jipya wala mashine. Kunahitaji mwalimu anayekubali kuzisahihisha kwa ukali ule ule anaotumia kwa kurasa 80.

Funzo la Beni na Butembo

Kivu Kaskazini imeona kwa macho faida ya utafiti unaoandikwa kwa ufupi na kufuatiliwa. Ugonjwa wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 uliua watu 2,287. Katika kipindi hicho kulikuwa na kikundi cha uchambuzi wa sayansi za jamii, kilichojulikana kwa jina la CASS na kuungwa mkono na UNICEF. Watafiti wake waliuliza wakaaji na waganga, kisha wakapeleka matokeo kwa wale walioongoza mapambano dhidi ya ugonjwa.

La kujifunza hapo ni kilichofuata baada ya kuandika. Mapendekezo yalizungumzwa pamoja na wale wa kuyatekeleza, kisha yakafuatiliwa: lipi limefanyika, lipi halijafanyika. Pendekezo halikuachwa liwe sentensi ya mwisho ya ripoti. Lilikuwa na mwenyewe, na mtu wa kurudi kumuuliza.

Usalama wa waliosema

Katika mashariki mwa Congo, somo hili lina sehemu ambayo vitabu vya kigeni haviipi uzito wa kutosha. TFC inayokaa maktaba inasomwa na wachache. Muhtasari unaopelekwa ofisini unaweza kupita mikono mingi, na ukurasa mmoja unapigwa picha kwa simu ndani ya dakika moja. Kama mwanafunzi ametafiti vizuizi vya barabarani, machimbo ama migogoro ya mashamba, jina la kijiji kidogo pamoja na kazi ya aliyeongea vinatosha kumtambulisha.

Kwa hiyo zoezi la kufupisha liende pamoja na zoezi la kufuta: majina, tarehe kamili, vitu vinavyomwonyesha mtu. Mahali ambapo uongozi umebadilika mikono, kama ilivyotokea Goma na Bukavu mwaka 2025, mwalimu na mwanafunzi wapime pamoja ni ofisi gani inaweza kupelekewa nini bila kuhatarisha mtu. Mara nyingine mlango ulio salama ni ule wa karibu: kituo cha afya, kamati ya maji ya kata, chama cha wakulima. Pampu na zahanati vinaendelea kuhitaji uamuzi hata wakati wa vita.

Wale waliotoa habari wana haki nyingine pia: kurudishiwa matokeo. Watafiti wa Bukavu wameandika mara nyingi, hasa katika mfululizo uitwao Bukavu Series, juu ya habari zinazokusanywa katika vijiji vya Kivu na kwenda kuchapishwa mbali bila waliozitoa kuzisikia. Muhtasari wa sera unaweza kupunguza deni hilo ukiandikwa mara mbili: kwa Kifaransa kwa ajili ya ofisi, na kwa Kiswahili kwa ajili ya wakaaji. Karatasi ya Kiswahili ya kurasa mbili inaweza kusomwa yote katika redio ya mtaa kwa muda wa dakika kumi. TFC haiwezi.

Kuandika kwa Kiswahili kunasaidia pia kupima kama mwanafunzi ameelewa. Maneno kama "problématique" ama "approche participative" yanaficha mengi. Anayelazimika kusema jambo lake kwa lugha ya mama yake sokoni hana pa kujificha.

Muhuri wa kupokelewa

Wapo watakaosema kwamba viongozi hawasomi hata kurasa mbili, na kwamba pesa hakuna. Malalamiko hayo yana ukweli. Karatasi haisukumi maji, na mwanafunzi hapaswi kuahidiwa kwamba yake itabadilisha mji. Lakini kiongozi ambaye hakupewa kitu cha kusoma ana udhuru. Aliyepewa kurasa mbili zenye ombi moja lililo wazi, na akatia sahihi kwamba amezipokea, hana tena udhuru huo.

Katiba inampa mwanafunzi nguvu ambayo wengi hawaijui. Kifungu cha 48 kinahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa na umeme. Kifungu cha 27 kinampa kila Mcongomani haki ya kupeleka ombi kwa uongozi wa umma, peke yake ama pamoja na wengine, na kinadai jibu ndani ya miezi mitatu. Kifungu hicho hicho kinakataza mtu kushitakiwa kwa sababu ya kupeleka ombi kama hilo.

Kwa sababu hiyo, somo hili lisimalizike siku ya kutoa pointi. Mwanafunzi apeleke karatasi yake sekretarieti, aombe nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa, aandike tarehe, kisha ahesabu miezi mitatu. Ikipita bila jibu, arudi kuuliza kwa heshima, na nakala yenye muhuri mkononi. Chuo kinachotunza nakala hizo katika faili moja, mwaka baada ya mwaka, kitaweza kuonyesha wakaaji wa mji wake mambo matatu: nini kilijulikana, nani alikijua, na tangu tarehe gani.